Tembe Moja, Damu Mbili

Jumamosi jioni, Kitengela haina nafasi ya kupitisha mkokoteni. Matatu zimebanana kando ya Barabara ya Namanga, makanga wanaita abiria wa Athi River na Nairobi, moshi wa nyama choma umetanda juu ya mabanda, na kila baada ya maduka machache kuna kemisti. Anayesimama kwenye kidirisha chake hahitaji maneno mengi. "Daktari, nisaidie na dawa ya mkojo. Unanichoma." Aliye nyuma ya kaunta, awe mfamasia au asiwe, huitwa daktari. Hugeukia rafu, huhesabu kapsuli za rangi mbili, huzitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake moja mara tatu. Pesa inatumwa kwa simu, mteja anashika njia ya nyumbani.

Sasa chukulia kwamba mteja huyo ni mwanamke mwenye mimba ya wiki kumi na nne, iliyofichika vizuri ndani ya dera pana na ambayo hata mama mkwe hajaambiwa. Pale dirishani wamehudumiwa wawili, ila mmoja wao hakuonekana. Saa chache baada ya kapsuli ya kwanza kumezwa, sehemu ya dawa itakuwa imeingia katika damu ya mtoto. Hilo si jambo la kutisha lenyewe kwa lenyewe. Mara nyingi halina madhara, na mara nyingine ndilo hasa linalotakiwa. Lakini inategemea kapsuli ile ni ya nini, mimba ina wiki ngapi, na kama kuna aliyeuliza.

Mkunga mzoefu huwa hajamaliza kazi mtoto anapolia. Husubiri kondo la nyuma, daraja ambalo dawa ile ililipita, na likishatoka hulitandaza kwenye trei na kulikagua kipande kwa kipande, kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani ya mfuko wa uzazi. Ni nyama nyekundu iliyokoza, ya mviringo, pana kama sahani ya pilau, yenye uzito wa nusu kilo hivi. Upande mmoja una mafungumafungu, ule uliokuwa umeshikamana na mama. Upande wa pili ni laini na unang'aa, na hapo ndipo inapoanzia kamba ya kitovu yenye mishipa mitatu: mmoja mpana unaopeleka damu kwa mtoto, na miwili myembamba inayoirudisha. Waswahili husema kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa, na kondo ndilo lililokuwa kwao kabla ya kuwa na kwao kwingine. Wazazi wengi hawapati kuliona, kwa kuwa trei huondolewa wakati mama anawekewa mtoto kifuani.

Ndani ya nyama ile damu ya mama na ya mtoto hupita karibu karibu bila kuchanganyika. Mishipa ya mtoto imejigawa katika vijidole vidogo mno, matawi juu ya matawi, vinavyoning'inia ndani ya dimbwi la damu ya mama kama mizizi ya mkoko majini. Vijidole hivyo vikitandazwa vyote, mimba ikiwa imekomaa, vitafunika eneo la takriban mita za mraba 12, yaani sakafu ya chumba kizima cha kulala. Kinachotenganisha damu hizo mbili ni utando, nao hupungua unene kadiri miezi inavyosonga. Mwishoni mwa mimba, penye wembamba zaidi, unabaki sehemu mbili hadi nne tu za elfu moja za milimita. Unywele wa kichwani ni mnene mara nyingi kuliko hapo. Kwa hiyo mtoto wa miezi minane, ambaye watu humwona kuwa amelindwa zaidi kwa sababu amekua, ndiye anayefikiwa na dawa nyingi kwa urahisi zaidi.

Kwa muda mrefu hata wataalamu waliuona utando huo kama ngome. Wazo hilo lilivunjika kwa gharama kubwa. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi ikisifiwa kwa kuleta usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wameathirika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Thalidomaidi haikuwa antibiotiki, lakini tangu hapo hakuna daktari makini aliyeweza kusema kwamba kilicho tumboni mwa mama hakimfikii mtoto.

Dawa huvuka vipi? Nyingi hazisukumwi na chochote. Husogea zenyewe kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, jinsi rangi ya chai inavyosambaa kwenye maji ya moto. Zinazotofautiana ni sifa za kila dawa. Molekuli ndogo hupita upesi, kubwa hukwama. Wanasayansi hupima ukubwa huo kwa kipimo kiitwacho daltoni, na kwa jumla dawa iliyo chini ya daltoni 500 haipati taabu, ilhali iliyozidi 1,000 hupita kwa shida. Amoksilini, ambayo bila shaka ni miongoni mwa antibiotiki zinazouzwa zaidi katika kemisti za Kitengela, ina daltoni 365. Metronidazoli, inayojulikana na wengi kwa jina la Flagyl, ina 171 tu, nayo huingia kwa mtoto kama mwenyeji. Insulini ina karibu 5,800, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kumpa kwa utulivu mama mjamzito mwenye kisukari: inabaki kwa mama.

Kuna pia suala la dawa kuwa na shughuli nyingine njiani. Katika damu ya mama zimo protini zinazozishika baadhi ya dawa, na dawa iliyoshikwa haivuki hadi iachiwe. Mfano mzuri uko ndani ya kapsuli moja ambayo Wakenya wanaijua sana, Ampiclox. Ni dawa mbili zilizotiwa pamoja, ampisilini na kloksasilini. Protini huishika ampisilini kidogo tu, kwa hiyo huvuka haraka. Kloksasilini hushikwa kwa zaidi ya asilimia 90, na inayomfikia mtoto ni kidogo. Mama amemeza kitu kimoja, mtoto amepokea mgao tofauti kabisa. Isitoshe, katika utando wa kondo zimo pampu ndogondogo zinazokamata baadhi ya dawa na kuzirudisha zilikotoka, kama bawabu anayemgeuza mgeni mlangoni.

Dawa ikishafika kwa mtoto, safari haijaisha. Ampisilini huonekana katika damu yake dakika chache tu baada ya mama kuchomwa sindano ya mshipa. Figo zake changa huichuja, naye huikojoa ndani ya maji ya uzazi yanayomzunguka. Kisha anayameza maji yale, kwa sababu kijusi humeza maji kila siku, ni sehemu ya kujifunza kula. Dawa inapita tumboni mwake na kuingia damuni tena. Kwa hiyo hata kiwango kinapokuwa kimeshuka katika damu ya mama, katika maji ya uzazi bado kipo. Mama amemaliza dozi, mtoto anaendelea kunywa masalio.

Kuna ugonjwa mmoja ambapo mvuko huu ndio tumaini lote. Katika kliniki za wajawazito, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kajiado hadi zahanati za Namanga na Loitokitok, tone la damu kutoka kidoleni huchunguzwa kaswende pamoja na virusi vya UKIMWI. Bakteria wa kaswende huvuka kondo na kumshambulia mtoto. Anaweza kufia tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa akiwa na mifupa, ini na macho yaliyoharibika. Tiba yake ni sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, inayodungwa katika msuli wa nyonga. Inauma. Akina mama waliowahi kuipata huikumbuka kwa jinsi walivyochechemea kwenda stejini. Lakini penisilini ile huachiliwa polepole kutoka kwenye msuli kwa majuma kadhaa, na muda wote huo inamfikia mtoto na kumtibu angali tumboni.

Mgonjwa asiyeweza kutumia penisilini zamani alipewa erithromaisini. Kwa mama ilifanya kazi. Kwa mtoto, watafiti walipopima, waligundua kwamba kilichovuka ni asilimia chache tu ya kiwango kilichokuwa kwa mama. Molekuli yake ni kubwa, daltoni 734, na bawabu wa kondo huirudisha. Kukawa na watoto waliozaliwa na kaswende ilhali mama zao walitibiwa wakaambiwa wamepona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtoto wa mama aliyetibiwa kwa erithromaisini au azithromaisini ahesabiwe kuwa hajatibiwa. Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa: mama aliyeandikiwa sindano halafu akaiogopa, akaenda kutafuta tembe mahali pengine, anaweza kujiponya nafsi yake na kumwacha mtoto na ugonjwa.

Upande wa madhara nao una historia ndefu. Streptomaisini ilikuwa dawa ya kwanza kuuvunja nguvu ugonjwa wa kifua kikuu, na Afrika Mashariki inaijua vizuri, kwa sababu majaribio makubwa ya miaka ya 1970 yaliyofupisha tiba ya TB kutoka mwaka mmoja na nusu hadi miezi sita yalifanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na streptomaisini ilikuwemo. Dawa hiyo inaweza kuua chembe za kusikia ndani ya sikio. Inavuka kondo, na wako watoto waliozaliwa wakiwa viziwi baada ya mama zao kutibiwa kwayo. Leo mjamzito mwenye TB hutibiwa kwa dawa nyingine, na hapaswi kabisa kuachwa bila tiba.

Tetrasaiklini inaacha alama inayoonekana kwa macho. Ina tabia ya kuing'ang'ania kalisi, na mwili wa mtoto anayekua tumboni ni kiwanda cha kalisi. Kuanzia katikati ya mimba, meno ya utotoni yanapoanza kukomaa ndani ya ufizi, dawa hujengwa ndani yake, ikakaa humo kama mchanga wenye rangi ndani ya saruji. Jino linapochomoza miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, huwa na rangi ya manjano, na kwa kupigwa na mwanga hugeuka hudhurungi. Mzazi husugua asifanikiwe, kwa sababu rangi iko ndani ya jino lenyewe. Doksisaiklini, ndugu mdogo wa tetrasaiklini, haing'ang'anii kalisi kwa kiwango hicho, na ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha huenda iliogopwa kupita kiasi. Hata hivyo madaktari bado huiepuka kwa wajawazito panapokuwa na njia nyingine.

Hapo ndipo Kajiado, kaunti ulipo mji wa Kitengela, inapokuwa na hadithi yake ya pekee.

Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na kwenye nyanda zake ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio benki, ndio mahari, ndio ada ya shule. Hata Kitengela, ambayo katika sensa ya 2019 ilihesabiwa watu zaidi ya 150,000 na kila mwezi inaota ghorofa mpya, haijaachana na mifugo: ukitembea kidogo nje ya lami utakutana na kundi linaloswagwa kati ya ua wa mawe na kiwanja kilichobandikwa tangazo la kuuzwa. Pamoja na mifugo huja ugonjwa wa brusela. Mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kumsaidia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba, kwa mikono mitupu. Utafiti uliofanywa mwaka 2012 na 2013 katika kaunti za Kajiado, Kiambu na Marsabit ulionyesha uhusiano wa karibu sana: penye mnyama aliyeambukizwa bomani, ndipo watu wenye dalili za maambukizi katika damu walipopatikana zaidi. Kwa mjamzito, brusela inaweza kuiharibu mimba. Ni ugonjwa wa kutibiwa kwa nguvu zote.

Tatizo ni kwamba tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini kwa wiki sita, ikiambatana na dawa nyingine, ambayo mara nyingi ni rifampisini au sindano za streptomaisini au jentamisini. Karibu orodha yote ile ya kuepukwa. Kwa mjamzito daktari huitoa doksisaiklini na kumpa rifampisini, peke yake au pamoja na kotrimoksazoli, yaani Septrin. Na Septrin nayo ina saa zake. Inaingilia kazi ya folati, vitamini ambayo mtoto anaihitaji mno miezi mitatu ya kwanza wakati uti wa mgongo unajifunga. Karibu na kujifungua inaweza kuzidisha manjano kwa mtoto mchanga. Kumtibu mjamzito mwenye brusela, kwa hiyo, ni kazi ya daktari aliyekaa chini na kuhesabu wiki, na haifai kufanywa dirishani.

Linaloumiza zaidi ni kwamba wengi wanaotibiwa brusela hawana brusela. Kipimo cha haraka kilichozoeleka katika maabara ndogo nchini, cha kuchanganya tone la damu na kimiminika chenye rangi na kutazama kama kitagandamana, hudanganya mno. Watafiti waliokichunguza katika vituo vya afya magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliopimwa aliambiwa ana brusela, ilhali kipimo bora zaidi kiliwapata kama mmoja kati ya mia. Uzito wa jambo hilo ni huu: mama mjamzito ana uchovu, maumivu ya viungo na jotojoto, mambo ambayo ujauzito wenyewe huyaleta. Anapimwa, anaambiwa ana brusela, na anarudi nyumbani na pakiti ya doksisaiklini ya wiki sita. Dawa inavuka hadi kwa mtoto kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwepo.

Kisha kuna kaunta ya pili, ya agroveti. Katika miji ya soko kama Bissil, mfugaji hununua chupa ya oksitetrasaiklini na sindano, akamdunga ng'ombe mwenyewe. Wafugaji wa Kimaasai wanayajua magonjwa ya mifugo yao kwa undani, na wengi hawana daktari wa mifugo wa kumwita. Kwenye lebo imeandikwa siku ambazo maziwa ya ng'ombe huyo hayafai kutumiwa na binadamu. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wa maziwa akiwa mmoja na watoto wanne, siku hizo ni ndefu. Kuchemsha kunaua bakteria wa brusela, na kwa hilo pekee sufuria ya maziwa isikose kuchemshwa, lakini hakuondoi masalio yote ya dawa. Kiasi kinachobaki kwenye kikombe ni kidogo sana kikilinganishwa na tembe, na hofu kubwa kuhusu masalio hayo ni usugu wa bakteria kuliko meno ya mtoto. Ila ni haki ya mama kujua kwamba antibiotiki haziji kwenye bahasha ya karatasi tu.

Mtu anaweza kusoma haya na kuapa kwamba hatagusa antibiotiki mpaka ajifungue. Hapo atakuwa amefanya kosa kubwa zaidi. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo Wakenya wengi huyaita UTI, hupanda kwa urahisi hadi kwenye figo wakati wa ujauzito, kwa sababu homoni hulegeza mirija na mfuko wa uzazi huibana. Figo zikishambuliwa mama huwa mahututi, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo atibiwe kwa siku saba hata kama hahisi maumivu yoyote. Sefaleksini na amoksilini zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na rekodi yake ni nzuri. Nitrofurantoini nayo ina faida ya kipekee: mwili huiharakisha kwenye mkojo, inayobaki katika damu ni kidogo, na ya kuvuka ni kidogo zaidi. Huachwa wiki za mwisho tu, kwa kuwa chembe nyekundu za mtoto anayekaribia kuzaliwa zinaweza kupasuka. Siprofloksasini, inayouzwa kwa mazoea kama dawa ya mkojo, ilionekana kuharibu gegedu za viungo vya wanyama wachanga katika majaribio, na ingawa kwa binadamu madhara hayo hayajathibitika, hakuna sababu ya kuitanguliza wakati zipo zilizo salama.

Sheria ya Kenya kuhusu famasia na sumu inataka antibiotiki ziuzwe kwa karatasi ya daktari. Ukweli wa mitaani unajulikana. Foleni ya hospitali ya umma inaweza kumla mtu siku nzima, na mfanyakazi wa kiwandani Athi River akikosa siku moja anakatwa mshahara. Kemisti iko hatua ishirini kutoka stejini na haifungwi hadi usiku. Kumlaumu mama huyo ni kupoteza pumzi. La busara zaidi ni kwamba swali moja, "Mama, una ujauzito?", liwe la lazima kwenye kila kaunta kama ilivyo lazima kuuliza bei, na kwamba naye asione haya kulijibu mbele ya foleni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya wajawazito nchini huonwa na mtaalamu angalau mara moja, lakini waliofikisha ziara nne walikuwa asilimia 66. Hata hivyo, kijitabu cha kliniki, chenye tarehe na wiki na vipimo vya mkojo, kipo kwenye mikoba ya karibu wajawazito wote. Kikionyeshwa kwa muuza dawa, nusu ya kazi imefanyika.

Mengi ya yaliyoelezwa hapa yamejulikana kwa njia ya pembeni, kwa sababu wajawazito kwa miaka mingi waliachwa nje ya majaribio ya dawa. Watafiti walichukua damu ya kitovu baada ya kamba kukatwa wakailinganisha na ya mama. Wengine, tangu miaka ya 1960, walichukua kondo lililotoka dakika hiyo hiyo na kulipitishia maji maalumu pande zote mbili, likaendelea kuwa hai maabara kwa saa kadhaa likichuja dawa walizotia. Ni kazi ya subira, na akina mama wengi waliokubali kondo zao zichukuliwe hawakupata kamwe kusoma matokeo yake.

Siku hizi hali inabadilika, na Kenya imo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilishiriki katika jaribio kubwa lililofanywa katika nchi saba, zikiwemo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambapo wanawake 29,278 waliokuwa na uchungu walipewa ama gramu mbili za azithromaisini kwa mdomo au dawa bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Kati ya waliopewa dawa, asilimia 1.6 walipata maambukizi makali ya damu au kufariki, dhidi ya asilimia 2.4 ya wenzao. Ni akina mama wengi walioepushwa na maambukizi hayo kwa vidonge vichache vya bei nafuu. Kwa watoto wachanga hapakuwa na tofauti. Kwa yeyote anayekumbuka kisa cha kaswende, azithromaisini inatoka katika ukoo ule ule wa erithromaisini, molekuli kubwa zinazorudishwa mlangoni, ingawa hakuna anayeweza kudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee.

Katika chumba cha upasuaji uamuzi huwa wa kinyume. Zamani, mama aliyejifungua kwa kisu alipewa antibiotiki baada ya kamba ya kitovu kubanwa, ili mtoto asiguswe na dawa. Ilikuwa nia njema, lakini vidonda vya mama vilioza zaidi, kwa kuwa kisu kilipita kwenye ngozi isiyo na ulinzi. Sasa Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano itangulie, dakika 30 hadi 60 kabla ya kisu. Maambukizi kwa akina mama yakapungua, na watoto hawakuonekana kudhurika. Wanaosimama kuizunguka meza wanajua fika kwamba wanapomdunga mama wanamdunga na mtoto, na wamekubali hivyo kwa kupima faida.

Nesi anaandika saa ya sindano, kisha saa ya kisu. Dakika chache baadaye kilio kinasikika, kamba inakatwa, na daraja lililofanya kazi miezi tisa linafungwa. Dawa iliyokwisha kuvuka imebaki upande wa mtoto, wala haiwezi tena kurudi kwa mama kusafishwa na figo zake. Figo ndogo, ambazo bado zinajifunza kazi, zitachukua muda mrefu kuliko za mama kuiondoa, na sehemu ya kwanza itatoka siku hiyo hiyo, kwenye nepi ya kwanza kulowa.